Korongo na Jani la Sale

Giza lilikuwa linaanza kuingia tulipofika kwenye shamba la kahawa la Mzungu mmoja, juu kidogo ya Usa River, mimi na mdogo wangu Ruth. Tulikwenda kuangalia gari. Mimi nilikuwa fundi wa magari mjini Arusha, Ruth alikuwa muuguzi, na usharika wetu ulikuwa unamtafutia gari la kulala. Nazungumzia gari lenye nyumba mgongoni, lenye kitanda, jiko na kabati la dawa, ili aweze kukaa mbugani majuma mawili matatu akitibu watu bila kulala chini ya turubai.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka wa hamsini na sita, Waingereza wakiwa bado ndio wenye nchi. Ukungu ulikuwa haujatoka mlimani tangu asubuhi. Ruth alikohoa. Alikuwa na kikohozi chake tangu utotoni, kikavu, mara mbili tu halafu basi, kama mtu anayebisha hodi. Mama yetu alikuwa akikisikia mgombani anajua binti yake amerudi.

Nikiri mapema, maana katika habari hii hakuna mwingine wa kulaumiwa. Nilikuwa na mdomo.

Katika kikao cha usharika wazee walibishana kuhusu Bedford na Volkswagen, kwa sababu ndizo walizoziona Wazungu wakizigombania mjini. Bei ilituzidi. Nikasimama. Nikawaambia, wazee wangu, nyinyi mnanunua jina, na jina halipandi mlima. Ziko chapa ambazo hakuna anayezitazama kwa sababu kiwanda ni kidogo na hakitangazi gazetini, lakini ukilala chini ya gari na tochi utakuta chesisi nene, springi za kweli na injini ambayo fundi yeyote ataifungua kwa spana tatu.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kaanaeli, alicheka. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, Elisaria."

"Nitawaonyesha," nikasema.

Ndipo nikaenda kuwaonyesha.

Mlinzi wa shamba alikuwa mzee wa Kiarusha aitwaye Lerionka. Tulimkuta akiota moto mbali kabisa na banda la magari, kule kwenye upepo, amejifunika blanketi mpaka masikioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kwa ajili ya lile." Alionyesha banda kwa kidevu. "Wamekuja wanne kabla yenu. Wahindi wawili, Mgiriki mmoja, Mzungu mmoja. Waliangalia, wakaenda zao."

"Lina ubaya gani?"

"Mimi sijui magari, kijana."

"Basi tufungulie."

"Halijafungwa," alisema, na hakuinuka.

Nilifikiri ni uvivu wa uzee. Nikachukua tochi, tukaingia bandani.

Korongo. Ndivyo watu walivyoliita, kwa sababu ya kibao cha shaba mbele chenye picha ya ndege mwenye miguu mirefu. Jina la kiwanda lilikuwa limefutika. Nililala chini yake na tochi, nikasahau baridi. Hakuna kutu. Springi nzima. Mhimili wa nyuma umekaa imara, hauvuji tone la mafuta. Nilicheka peke yangu pale chini, nikiona sura ya Mzee Kaanaeli atakapolazimika kuninyamazia.

Nikapanda ndani. Ruth alikuwa ametangulia, amesimama katikati, mikono kifuani.

"Kaka," alisema, "mbona kunanukia kama kwa bibi?"

Kweli. Harufu ya moshi wa kuni, ng'ombe, na maganda ya ndizi mbichi. Harufu ya nyumba ya zamani ya Kimeru. Ndani ya gari la Mzungu...

Nilifunua mkeka wa mpira sakafuni. Mbao zilikuwa nyeusi tii. Nikakwangua kwa kisu, masizi yakatoka kama unga. Hizo hazikuwa mbao za kiwandani. Mtu alikuwa amebadilisha sakafu nzima, akaweka mbao zilizokaa juu ya moto wa jikoni kwa miaka hamsini au zaidi.

Mwenye akili angeuliza zimetoka wapi. Mimi nilifurahi. Mbao iliyolishwa moshi namna ile, mchwa haigusi. Nikaigonga kwa kifundo cha kidole, nikasema hapa tumeokota.

Ruth alikaa kitandani, akajilaza kukijaribu.

"Kitanda kina joto," alisema.

"Ni jua la mchana."

"Leo hakukuwa na jua, kaka."

Nilikuwa nimepiga magoti nahesabu misumari.

Ko. Ko. Ko.

Niliinua kichwa. Dirishani kulikuwa na bibi kizee. Uso wake ulikuwa sawasawa na wangu, ng'ambo ya kioo, umejaa mikunjo, macho yameinamishwa chini kama mtu mwenye haya. Nilisukuma kioo kikafunguka. Mikono yake miwili ilipita polepole, imeshika jani la sale.

Kwetu Wameru, na kwa ndugu zetu Wachaga, sale si jani tu. Linaota mipakani na makaburini, na mtu aliyekukosea akikuletea, huna ruhusa ya kulikataa. Hata kama amekuulia ng'ombe. Hata kama amemwaga damu. Ukilipokea umesamehe, na ukishasamehe huwezi kudai tena, wala wewe wala watoto wako. Ndiyo maana mleta sale huja na mtu wa kumsemea, na kosa hutajwa kwanza, mbele ya mashahidi. Mpokeaji hunyoosha mkono mwishoni.

Nililijua hilo. Lakini alikuwa mzee, amesimama kwenye baridi. Nimelelewa. Nilinyoosha mikono yote miwili.

"Nimepokea, bibi." Kisha, kama mpumbavu anayefunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka, nikauliza. "Umenikosea nini?"

Aliinua macho. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kitandani.

"Bado," alinong'ona.

Nikageuka. Ruth alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi kidogo. Nilipogeuka tena, dirisha lilikuwa tupu. Ukungu tu... na lile jani mikononi mwangu, bichi, limelowa, baridi kuliko maji ya mtoni.

Niliruka nje, nikazunguka gari. Vumbi la upande wa dirisha lilikuwa limelala tuli, halina hata unyayo mmoja. Nikasimama chini ya lile dirisha. Mimi ni mrefu, watu wananitania tangu shule. Kingo ya dirisha ilikuwa juu ya kichwa changu.

Nilirudi ndani nikamtikisa Ruth. Alifumbua macho taratibu sana.

"Nani kazima moto?" aliuliza.

Hakukuwa na moto.

Nilimshika mkono nikamtoa. Lerionka aliliona lile jani kabla sijafungua mdomo. Aliacha kuchochea kuni.

"Umelichukua," alisema. Nikaona huruma usoni mwake, na ile huruma ilinitisha kuliko yote.

Alinieleza kwa sauti ya chini, Ruth akiota moto upande wa pili. Bwana wa shamba alipotaka kupanua kahawa, kulikuwa na nyumba ya bibi mmoja katikati. Akaambiwa ahame, akakataa. Siku ya kubomoa, bibi alikata sale akaenda nalo kwa bwana, kuomba asamehewe ukaidi wake, aachiwe nyumba. Bwana alilikanyaga akaendelea na kazi. Hakujua ni kitu gani, au alijua. Bibi alikaa kwenye majivu ya jiko lake siku tatu, mvua ikinyesha, na siku ya nne alizikwa. Mbao za darini zilikuwa nzuri. Bwana alizipigilia sakafuni mwa gari lake la safari.

"Tangu hapo anagonga pale dirishani na jani lake," Lerionka alisema. "Wahindi walimfukuza. Mgiriki alidhani anauza majani. Hawajui sale, kwa hiyo halikuwapata. Sikudhani atakuja Mmeru."

"Anataka nini?"

"Mimi ni Mwarusha. Mambo yenu yananishinda. Lakini mtu aliyenyang'anywa nyumba, nadhani anataka nyumba. Na mwili wa kukaa ndani yake."

Usiku ule nilikata shauri. Gari lile halinunuliwi.

Jumapili nikasimama kikaoni nikasema springi ni mbovu. Wakamtuma fundi mwingine. Akarudi akasema hajaona gari zima kama lile, na kwamba Elisaria alisema kweli tangu mwanzo. Nikasema mhimili unavuja. Mzee Kaanaeli alinitazama juu ya miwani yake.

"Wewe ndiye uliyetufundisha tusinunue jina. Leo umeogopa nini? Sema."

Niseme mbele ya wazee wa kanisa kwamba nimepokea sale kutoka kwa marehemu? Wangenitenga na meza ya Bwana, na mjini wangenicheka hadi kufa. Nilimtazama Ruth, nikategemea akatae mwenyewe.

"Nimelipenda," Ruth alisema kwa upole. "Nalala vizuri mle."

Nikakaa chini. Kwa haya yangu nikakaa chini, na wakalinunua.

Sitasema Ruth aliugua. Angeugua ningepata pa kushika. Kule mbugani watu walimsifu, mkono wake mwepesi, anajua hata dawa za mizizi ambazo hakusomea. Alikuwa akirudi mjini kila mwisho wa mwezi kuchukua dawa, lakini hakulala tena nyumbani. Alilala ndani ya Korongo, amelisimamisha kando ya migomba yetu. Jiko la mle lilikuwa la mafuta ya taa, ila asubuhi dirishani ulitoka moshi wa kuni. Kucha zake zikawa na masizi. Mgongo ukaanza kupinda, na alikuwa na miaka ishirini na sita.

Na hakukohoa tena.

Mara ya nne aliporudi, mama yetu, Eunike, alimpelekea ndizi za kuchoma. Alirudi nazo. Akakaa kwenye kigoda.

"Elisaria," aliniuliza, "ni nani huyu uliyeniletea?"

Nilikwenda mpakani mwa shamba letu nikakata sale. Nililishika kwa mikono miwili, nikasimama kando ya Korongo jioni, ukungu umeshuka kama siku ile. Ilibidi nijinyooshe ndipo vidole vifike kwenye kioo.

Ko. Ko. Ko.

Dirisha lilifunguka. Ulikuwa uso wa mdogo wangu, ngozi yake, kovu lake la paji la uso alilolipata nilipomwangusha akiwa mdogo. Nyuma yake, juu ya zile mbao nyeusi, niliona mawe matatu ya jiko na makaa mekundu. Alilitazama jani. Hakuinua mkono.

"Kwanza sema kosa, mwanangu," alisema.

"Nilipokea bila kuuliza. Halafu nikanyamaza. Nilimtoa Ruth sadaka kwa sababu ya haya yangu."

"Basi hujanikosea mimi."

"Naomba nimpe mwenyewe."

Alifikiri, kwa wema kabisa, kama bibi anayemfikiria mtoto anayeomba kisichowezekana.

"Atapokeaje?" alisema. "Hana mikono."

Na kutoka kitandani, ambako hapakuwa na mtu, nikasikia kikohozi. Kikavu. Mara mbili.

Dirisha likafungwa. Asubuhi Korongo lilikuwa limeondoka kurudi mbugani, na magurudumu yameacha alama mbili ndefu kwenye umande. Mama alizifuata kwa miguu mpaka barabarani, akaita jina la bintiye hadi sauti ikakauka.

Watu huniuliza kwa nini sikumshtaki kwa wazee wa ukoo, kwa nini sikumwapiza yule bibi, kwa nini sikulichoma lile gari moto. Wameru wenzangu hawaniulizi. Wanajua nilinyoosha mikono yote miwili, nikasema kwa kinywa changu mwenyewe, mdogo wangu akiwa amelala nyuma yangu.

Nilishamsamehe.