Okidi na Gundi ya Vigae

Haya, sogeeni niwatege: nina mgeni mzuri wa sura, ukimfunika miguu anakufa. Ni nani? Msinijibu haraka, jibu limo humu humu.

Dada mmoja mpambaji wa maua alimpata mwanamume wake kwenye duka la vifaa vya ujenzi, siku watu wamejazana hadi mlangoni. Alikuwa kachuchumaa penye lundo la vijiwe vya mtoni, gauni lake la manjano limeshika vumbi, anaokota kijiwe kimoja kimoja.

"Dada, huo ni mchele unachambua?" akauliza mtu nyuma yake, fundi vigae, suruali ina madoa meupe hadi magotini.

"Ndiyo, na wewe ndiye chuya."

Fundi akacheka, akachuchumaa naye. Mapenzi yakaanzia hapo vumbini.

Wakapendana, wakashibana. Fundi alikuwa anajijengea nyumba ndogo, na jioni moja akapiga simu. "Kipenzi, dirisha la jikoni nilielekeze wapi?"

Dada akaelewa anachoulizwa. "Ngoja kwanza nimalize kazi ya hoteli." Tangu hapo kila simu ikawa swali lile lile na jibu lile lile.

Kazi yenyewe ilikuwa pambo la meza ya mapokezi: maua ya okidi, nyasi ndefu zilizokaushwa na vijiwe ndani ya bakuli, ili mgeni anayeingia na jasho lake ajione yuko kivulini. Meneja akilipenda, maua ya hoteli msimu mzima wa joto ni ya dada. Asipolipenda, arudi kufunga mashada kwa yule mama wa duka asiyejua kusema asante.

Sasa kule nyumbani kwake nyasi zikakataa. Akizisimamisha, zinalala. Akiziegemeza, vijiwe vinabingirika na okidi zinageuza nyuso ukutani kama watu walionuna.

"Simameni basi, nyie!"

Simu ikalia. Mama yake.

"Umeshamjibu mwenzio?"

"Mama, nahangaika na nyasi hapa!"

"Nyasi ndizo zitakuoa?"

Akakata simu, akatoka kutafuta waya, machozi ya hasira yakimlengalenga. Mlango hakuufunga.

Aliporudi, akamkuta fundi kasimama mezani, meno yote nje. "Mpenzi, hebu tikisa bakuli."

Akatikisa. Hakikucheza kijiwe, haukucheza unyasi.

"Umefanya nini?"

"Gundi ya vigae! Hiyo ikishika, imeshika."

"Na mizizi ya okidi?"

"Imo humo chini, salama kabisa."

"Salama? Okidi zinapumua kwa mizizi! Umezizika hai!"

"Nilitaka kukusaidia, kipenzi..."

"Nani kakutuma? Toka! Toka na ndoo yako!"

Fundi akachukua ndoo, akatoka. Dada akashika kisu cha jikoni, akachokoa, kisu kikapinda. Akakitupa chini. Simu ikalia tena.

"Acha kisu, utajikata," fundi akasema.

"Umejuaje nina kisu?"

"Nakusikia. Niko hapa mlangoni."

Alikuwa na patasi ndogo na maji ya vuguvugu. Gundi ya ndani ilikuwa bado mbichi. Akainama, akatoa mzizi mmoja mmoja, taratibu, kama anayemtoa mtoto kibanzi jichoni. Dada akamtazama.

"Unachambua mchele?" akamuuliza.

Fundi hakuthubutu kucheka. Mizizi ikaoshwa, okidi zikakalishwa juu ya vijiwe, miguu nje, inapata hewa. Nyasi zikabaki kwenye gundi, zimesimama wima kama zimeambiwa meneja anakuja. Mgeni wangu mmeshamjua, sivyo?

Kule hotelini meneja aliizunguka meza, akasukuma nyasi kwa kidole. "Hazianguki?"

"Hazianguki."

"Basi uanze na ukumbi wiki hii."

Dada akatoka, akaketi kwenye ngazi za nje, viatu mkononi, akapiga simu.

"Fundi."

"Malkia. Wamesemaje?"

"Wamenichukua. Ila ukigusa tena vyombo vyangu bila kuniuliza, nitakugandisha wewe humo kwenye gundi yako."

"Nimekoma, wallahi."

Dada akaweka viatu chini.

"Leo huniulizi?" dada akasema.

"Naogopa kufukuzwa tena, mimi na ndoo yangu."

Dada akacheka mwenyewe, akajifuta jasho la shingoni.

"Lielekeze mashariki," akasema. "Okidi zangu zinataka jua la asubuhi."