Kibonge Aachishwa Ziwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja, ambayo ukiihesabu vizuri ilikuwa tatu: kufagia banda la mbuzi, kujaza maji na kukata majani. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata hivyo, kwa wiki mbili sasa kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu.

Mbuzi wa bibi yake alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na mwanawe Kibonge, mkubwa wa kutosha kula majani, bado alimng'ang'ania kunyonya. Bibi akamtenga mtoto katika kibanda cha mbao kilichojengwa na fundi jirani. Kibonge akalia kutwa nzima. Chiriku akashindwa kuvumilia. Kila alasiri bibi akienda shambani, yeye alifungua mlango, eti mtoto anyonye kidogo tu.

Kidogo hicho kikamla mama. Mbavu zikaanza kuhesabika, na Jumamosi moja mbuzi akakataa kusimama. Bibi akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole mwenye viatu vya mpira. Alipapasa tumbo, kisha akaminya kiwele. Maziwa yakaruka.

"Bibi, si ulisema umemkausha maziwa?"

"Wiki ya pili hii!"

"Basi kuna anayenyonya."

Bibi akakigeukia kibanda kwa hasira. "Ni huyu fundi! Mbao zake zina mianya kama meno yangu. Leo atanitambua!"

Akajifunga kanga kiunoni. Chiriku akamziba njia. Fundi wa watu hakuwa na kosa.

"Bibi, usiende," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi niliyekuwa namfungulia Kibonge. Nilimwonea huruma."

Bibi akaketi juu ya ndoo. Daktari akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, mama huyu anakula kwa ajili ya tumbo lake na walio ndani. Miezi miwili ya mwisho kiwele lazima kipumzike, ndipo kitengeneze dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza. Watoto wakizaliwa wakayakosa, watakuwa dhaifu. Bado hatujachelewa."

Alimchoma mbuzi sindano ya kumtia nguvu. Kibonge akapelekwa kwa fundi yuleyule, mbali na harufu ya mama yake. Chiriku alimpelekea pumba na majani mabichi kila siku. Kibonge alilia siku tatu. Ya nne alikuwa ameingiza kichwa chote kwenye pumba. Mama naye akaanza kula, mbavu zikajificha.

Baada ya wiki sita, asubuhi, mbuzi akazaa pacha. Chiriku hakupumua mpaka wote wawili waliposimama, wakiyumba, wakakipata kiwele kilichojaa. Mikia yao ikatikisika. Ndipo akacheka na kulia kwa pamoja.

Bibi akamshika bega. "Huruma ni nzuri, mjukuu wangu, lakini waulize kwanza wanaojua. Na ukikosea, sema mapema. Siri yako ingetuulia mbuzi watatu. Ukweli wako umewaokoa wote."