Maoni Yanayosubiri Idhini

Jumamosi asubuhi soko la Otara halina pa kutia mguu. Tepora alikuwa amesimama mbele ya meza ya mikate, kashika mfuko wa mikate ya tui la nazi, na foleni nyuma yake imeanza kunung'unika. Alivaa fulana ya marehemu mama yake na lavalava nyeusi, shuka ya kufunga kiunoni, isiyopigwa pasi. Hakuwa akifikiri chochote. Alikuwa amesimama tu.

"Dada," mwenye meza alisema, "huo mkate unaununua au unaubatiza?"

Watu wakacheka. Tepora hakucheka. "Naununua."

Muuzaji akainua kichwa. Alikuwa mtu mrefu, unga kwenye nyusi, ua jekundu sikioni kama bwana harusi. "Hebu sema tena."

"Niseme nini?"

"Ndiye wewe, sauti ni ile ile! Mwalimu wa Chumba cha Saba. Mimi Lafaele, mjomba wake Eseta. Nakusikia kwenye blogu kila wiki ukiwahesabia watoto kabla hawajaimba. 'Moja, mbili, midomo wazi!'"

"Kwenye blogu hatuweki sura."

"Ndiyo maana nilikuwa nakuwaza mzee, mnene, mwenye miwani."

"Na sasa?"

"Miwani tu ndiyo haipo."

"Lafaele, utakufa bila mke!" mama mmoja alipiga kelele kutoka kwenye foleni.

Tepora alijua kabisa kwamba hapo ndipo mtu anapocheka. Alingoja kicheko kije. Hakikuja. Akalipa, akaondoka.

Tangu arudi kutoka kwao Apia, ng'ambo ya bahari, kumzika mama yake, alikuwa hivyo. Alirudi Jumapili, Jumatatu akaingia darasani. Walimu wenzake wakamsifu: Tepora jasiri, Tepora chuma. Ujasiri gani? Mtu aliyekufa ganzi mguu akikanyaga kaa la moto haitwi jasiri.

Kazi aliifanya. Shuleni kwao kila chumba cha darasa kilikuwa na blogu. Watoto waliandika humo hadithi zao na hesabu zao, wakaweka na sauti za nyimbo zao, na nyanya aliyeko Apia, shangazi aliyeko Sydney, baba aliyeko kiwandani, wote wakasoma na kuandika maoni. Maoni yalifika kwanza kwa mwalimu peke yake. Akiyasoma na kubonyeza "Ruhusu", ndipo dunia nzima inayaona. Zamani Tepora aliipenda kazi hiyo kuliko zote. Siku hizi aliyachagua yote kwa mpigo, akabonyeza Ruhusu, akafunga kompyuta. Ndugu za watoto ni watu wa kanisa, hawatukani. Kusoma kwa nini?

Lafaele alipata namba yake kwa Eseta, akapiga.

"Umekula, mrembo?"

"Sawa."

"Nimekuuliza chakula, sijakuuliza hali."

"Nimekula."

"Nini?"

Tepora akafikiri. "Sikumbuki."

"Nakuja."

Akaja na sufuria ya mchuzi wa samaki, kavaa shati la maua lililopigwa pasi mpaka mikono inakata. Akaja tena. Wakatembea madukani Manukau, wakala viazi kwenye karatasi. Lafaele alisimulia habari za tanuri, za dada yake na shemeji waliokwenda Brisbane kutafuta kazi wakamwachia Eseta, za mama yake Ruta anayegombana na redio. Tepora aliitikia "sawa" tu. Siku moja walipovuka barabara akamshika mkono. Tepora aliutazama mkono wake ndani ya mkono wa mwenzake kama mfuko alioombwa kumshikia mtu.

Lakini siku ambayo Lafaele hakupiga simu, nyumba ilizidi ukubwa.

"Hivi unayaona ninayoandika kule kwenye blogu?" alimuuliza jioni moja kwenye simu.

"Yote yanapita kwangu."

"Na huniambii kitu?"

"Nikuambie nini?"

"Aa, mwalimu wewe!" Lafaele akacheka. "Unanipima. Haya, nipime."

Jumatano mchana, wakati watoto wako uwanjani, Tepora akafungua kompyuta. Foleni ya maoni ilikuwa ndefu. Akachagua yote. Ruhusu. Akaenda kunywa chai.

Kabla chai haijapoa, mkuu wa shule, Mama Faleolo, mwanamke wa sauti kubwa na viatu vidogo, akasimama mlangoni.

"Tepora, umeona blogu ya chumba chako?"

"Kuna nini?"

"Chini ya hadithi ya Eseta ya pweza. Nikusomee?" Hakungoja jibu. "'Mwalimu, hii usiiruhusu, ni yako peke yako. Kwenye simu unaniambia sawa, nami sijui ni sawa ipi. Nakupenda, Tepora. Jumapili baada ya kanisa njoo ule kwetu, mama atakuwekea mahali. Usipokuja nitaelewa. Ifute tu.'"

Walimu wakashusha vikombe.

"Mchungaji ameshanipigia," Mama Faleolo akaendelea. "Anauliza tarehe."

Tepora akaifuta, lakini alikuwa ameshachelewa. Kwenye foleni maoni mapya yalikuwa yamejipanga yakisubiri idhini. Nyanya wa Apia: "Mwalimu, kijana anajua kuoka, unangoja nini?" Shangazi wa Sydney: "Mlango wa kanisa hauna kufuli." Akatoka nje akapiga simu.

"Umeniaibisha mbele ya wazazi wote, Lafaele!"

"Mimi?" Sauti yake ilikuwa kavu. "Nani anabonyeza? Tangu saa ile wateja wananiimbia nyimbo za harusi. Nikajua umeamua kunianika watu wanicheke. Ungesema hapana, Tepora. Hapana ni neno fupi."

"Sikujua imo."

"Neno la kwanza kabisa nimesema usiiruhusu!"

"Sikusoma."

"Hukuisoma hiyo."

"Sisomi yoyote. Tangu nirudi Apia."

Mashine ya kukandia unga ilisikika ikizunguka, kisha mtu akaizima.

"Hata ya watoto?"

"Hata ya watoto."

"Eseta akishaandika anakaa na simu yangu mapajani akingoja neno lako. Namwambia mwalimu kasoma, kafurahi, ana shughuli tu. Mimi usiponisoma si kitu. Mimi mtu mzima."

Akakata.

Tepora alingoja maumivu kama alivyongoja kicheko siku ile sokoni. Hayakuja. Kilichokuja kilikuwa kidogo na kigumu kama kokoto kiatuni: huyu hatapiga tena.

Hakupiga. Alhamisi kimya. Ijumaa kimya.

Ijumaa hiyo watoto walipotoka, Tepora akafunga mlango wa darasa, akafungua blogu pale alipoiacha, wiki ya mazishi. Akaanza kusoma, neno kwa neno, kama mtu anayekula bila hamu kwa kuwa lazima ale.

Mtoto mmoja aliandika: "Mama wa mwalimu amekufa. Leo tumeimba bila kuhesabiwa. Tumeimba vibaya." Eseta aliandika: "Mwalimu amerudi, lakini bado hajafika." Chini yake majibu ya akina nyanya, marefu, yenye aya za Biblia. Na Lafaele. Kila mahali Lafaele.

Ilimchukua muda kuona alichokuwa akifanya. Hakuwa akimwandikia Eseta tu. Pesamino, ambaye kwao hakuna aliyewahi kuandika hata nukta, alikuwa na maoni ya Lafaele chini ya kila kazi. "Pesamino, huyo mbwa alipokimbia na soseji za mchungaji, mchungaji alisema nini? Mjomba wa Eseta." Mtoto yeyote aliyefika jioni bila maoni, Lafaele alimwandikia. Katikati ya hayo, mistari mifupi ya kwake Tepora: "Mwalimu, leo umehesabu kwa sauti ndogo. Kuna mtu amekupikia?" Hiyo Tepora aliiruhusu kwa mkono wake mwenyewe bila kuisoma, na usiku ule alilala bila kula.

Hakulia. Akaanza kuwajibu watoto, mmoja mmoja, kila kazi, mpaka mfagiaji akaja kutikisa funguo.

Jumapili alivaa puletasi nyeupe, gauni na sketi vimenyooka, akaweka kofia pana ya kanisani. Baada ya ibada hakwenda kwake. Nyumbani kwa kina Lafaele ua mzima ulinukia mawe ya moto ya kuokea chakula na majani ya magimbi. Akina mama walikuwa wakifunua chakula.

Mama Ruta akampima kwa macho juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Mbona kakonda? Lafaele! Mtu wako!"

Lafaele alitoka, lavalava kiunoni, mikono majivu. Hakuwa na ua sikioni.

"Sikukutegemea," alisema.

"Nimesoma," Tepora akamjibu. "Yote. Nimewajibu watoto."

"Eseta kaniambia. Kanisomea mpaka nikamfukuza." Hakutabasamu. "Na mimi?"

"Wewe sijui nikujibu nini. Ukiniuliza leo nitasema sawa, na sawa yangu unaijua, haina kitu ndani. Sisikii kitu, Lafaele. Si kwako tu. Kwa mtu yeyote, kwa chochote. Nimekuja kukuambia hivyo, nisikudanganye."

Lafaele akafuta majivu kwenye mapaja. "Basi, nimeelewa. Kaa ule. Kule kwenye blogu sitakusumbua tena, nimeshajitoa. Sitaandika."

"Hutaandika?"

"Nimechekwa vya kutosha."

"Na Pesamino?"

"Pesamino ana mwalimu."

"Mwalimu ni mwalimu!" Sauti ya Tepora ilipanda, akina mama wakageuka na mifuniko mikononi. "Mimi nalipwa kumsoma! Yule mtoto kila asubuhi anakimbilia kompyuta kabla hajavua begi, anakutafuta wewe! Umemzoesha halafu unajitoa, kwa sababu wateja wamekuimbia? Huna haya? Mwanamume mzima!"

Alikuwa anahema. Kofia ilikuwa imelala upande. Lafaele alimtazama, na taratibu uso wake ukafunguka.

"Umekasirika."

"Nimekasirika sana!"

"Basi nauliza sasa hivi, kabla hasira haijaisha. Utanioa, utaolewa, vyovyote mnavyosema walimu?"

"Ndiyo!" Tepora alimfokea. "Na kesho Pesamino akute umeandika!"

Mama Ruta akamgeukia mwanawe.

"Anagomba hivi siku zote?"

"Hapana, mama. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mama Ruta akaokota sahani, akaijaza mpaka ukingoni, akampa Tepora.

"Kula," alisema. "Wewe utaishi."