Mume Wangu Alisema Sifuri, Mguu Wangu Ulikuwa Unalia Kumi

Nina miaka thelathini na tisa, mama wa watoto wawili, na hadi mwaka jana nilikuwa fundi wa nguo hapa soko la Kasikeu. Sare za shule, nguo za harusi, sketi za akina mama wa kanisa... zote zilipita mikononi mwangu. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga. Bila mguu, hakuna kazi.

Nilivunjika mguu wa kulia nikitoka kuchota maji. Jiwe liliteleza, nikaanguka, na mtungi uliojaa ukaniangukia mguuni. Hospitalini nikaambiwa lazima nipasuliwe, niwekwe chuma.

Kabla ya upasuaji alikuja daktari wa ganzi, mwanamke mpole anayeitwa Mwende. Alinieleza kwa Kikamba, bila haraka, kwamba wanafanya utafiti wa kupunguza uchungu baada ya upasuaji. Wagonjwa wengine wanapewa dawa za kawaida, wengine wanaongezewa sindano ya kutia ganzi mishipa ya fahamu ya mguu. Hakuna anayelazimishwa. Nikikubali, watanipigia simu kila siku nikiwa nyumbani waniulize uchungu ni ngapi, kuanzia sifuri hadi kumi.

Akanisisitizia jambo moja. Uchungu ukipanda badala ya kushuka, wajue mara moja, kwa sababu huenda kidonda kinaoza ndani. "Mama Mutheu," akaniambia, "hiyo namba ni wewe peke yako unayeijua."

Nikakubali. Simu yangu ilipasuka siku niliyoanguka, kwa hivyo nikatoa namba ya mume wangu, Muthiani. Ningetoa ya nani mwingine, jamani?

Mimi niliangukia kundi la sindano. Baada ya upasuaji mguu ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mchana huo Muthiani akaja na watu wa ushirika wetu wa maombi. Wakaushika ule mguu, wakaomba kwa sauti, wengine machozi yakawatoka. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kama nasikia uchungu. Nikasema ukweli, sisikii chochote.

Ai! Wadi nzima ikajaa haleluya! Nikajaribu kuwaambia ni ganzi, itaisha kesho... Nani alinisikiliza? Walikuwa wameshaanza kuimba.

Jumapili hiyo, mimi nikiwa bado kitandani hospitalini, Muthiani alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba mke wake amepasuliwa hadi mfupani na hasikii hata mchomo wa sindano. Watu walipiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Mume wangu hajawahi kupigiwa makofi maishani. Kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kualikwa. Aliitwa hadi Mtito Andei kushuhudia kwenye maombi ya madereva wa malori! Na jina lake likaanza kutajwa kwa kiti cha ushemasi.

Mimi nikarudishwa nyumbani. Ganzi ilikuwa imeisha zamani, na uchungu ukaja wote.

Mwanzoni ulikuwa wa kuvumilika. Kisha ukaanza kupanda... Mguu ukavimba, ukawaka moto. Nikimwambia Muthiani, ananinyamazisha. "Usikiri hivyo, Mama Mutheu. Ukitamka uchungu unaukaribisha." Vidonge vya hospitali vilipoisha, akasema sina haja ya vingine. Wageni wakija, ananifunika mguu na blanketi na kuniambia nitabasamu. Nikatabasamu! Nilikuwa nafanya nini, kutabasamu na meno yamekazana hivyo?

Tegemeo langu lilikuwa simu ya Mwende. Kila siku nilimuuliza Muthiani, daktari amepiga? Na kila siku jibu lilikuwa lile lile. "Hao? Walishapata walichotaka. Sasa wewe ni nani kwao?"

Wasomaji wenzangu, nilimchukia yule daktari! Nilimsema kwa kila jirani aliyekuja kunipa pole. Nikasema ametutumia kama panya wa maabara kisha akatutupa. Hata niliapa kwamba mtoto wangu hataingia kwenye utafiti wowote nikiwa hai. Kumbe nilikuwa namtukana mtu asiye na hatia.

Kwetu mtandao wa simu hushika mahali pamoja tu, kwenye kona ya boma karibu na tangi la maji. Siku moja alasiri watoto walikuwa hawajatoka shuleni, nami nikaamua kujiburuta hadi mlangoni nipate upepo. Nikamsikia Muthiani kwenye tangi, anaongea kwa ile sauti yake ya kanisani.

"Sifuri kabisa, daktari! Kama jana tu. Anatembea, anacheka, Bwana asifiwe!"

Kama jana tu... Kwa hivyo walikuwa wanapiga! Walikuwa wanapiga kila siku, na kila siku mume wangu wa ndoa, baba ya watoto wangu, alikuwa akijibu kwa niaba ya mguu wangu!

Sijui nilipata wapi ile sauti. "Kumi!" nilipiga kelele. "Mwongo wewe! Mwambie ni kumi!"

Aligeuka akakata simu. Ikalia tena papo hapo. Akabaki anaitazama, haipokei wala haizimi. Nikatambaa kwa makalio, mguu ukiburuzika kwenye vumbi, hadi nikaishika miguu ya suruali yake. Hakunisukuma. Nikamnyang'anya ile simu.

Mwende aliuliza swali moja tu, ni ngapi. Nilipomjibu, akasema, "Njoo leo hii. Usingoje kesho."

Muthiani alitaka kwanza ashauriane na mzee wa kanisa. Ashauriane! Jirani mmoja anayebeba magunia ya ndengu sokoni akanipakia kwenye pikapu yake, nikaenda bila mume.

Usaha ulikuwa umefika kwenye mfupa. Nilipasuliwa tena, nikasafishwa, chuma kikatolewa. Mguu haukukatwa, namshukuru Mungu. Lakini kifundo cha mguu kimekauka, hakikunjiki. Nilimuuliza daktari wa mifupa, kama ningekuja mapema? Akainamisha kichwa, akasema mapema ingekuwa kusafisha kidonda na dawa tu. Nililia hadi nesi akanifungia pazia.

Cherehani yangu sasa imefunikwa shuka. Muthiani ananiambia hakudanganya, alikuwa anatangaza kwa imani. Hadi leo sijui kama aliamini kweli au aliogopa kuaibika mbele ya wale waliompigia makofi. Na nikijua, kifundo kitakunjika? Tunaishi nyumba moja, lakini neno lake siliamini tena, hata akisema mvua inanyesha lazima nichungulie nje.

Mwezi uliopita nilirudi kanisani. Sijaacha kuomba, na sitaacha. Ulipofika wakati wa ushuhuda nilisimama na magongo yangu, na Muthiani akanivuta gauni niketi. Sikuketi. Nikawaambia, ndugu zangu, siku ile mlipoushika mguu wangu nilikuwa nimechomwa sindano ya ganzi, na nilisema hivyo. Leo nina uchungu. Ni sita. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini mama mmoja mzee wa kiti cha nyuma, ambaye kila Jumapili huja akijishika kiuno, akasema kwa sauti ndogo, "Wangu ni nane." Tukaondoka naye Jumatatu yake kwenda hospitali.

Nawasihi, hasa nyinyi akina mama wenzangu... daktari akikuuliza unaumwa kiasi gani, jibu wewe. Toa namba ya simu utakayoishika mwenyewe, na kama huna, azima. Usimwachie mume, wala mchungaji, wala mama mkwe. Ombewa, ndiyo, lakini sema ukweli!

Mwende bado hunipigia, siku hizi kwa simu yangu mwenyewe. Leo asubuhi ameniuliza.

Nimemwambia ni nne.