Kijivu cha Kidahwe

Bandari ya Kigoma siku ile haikuwa na pa kukanyaga. Meli ilikuwa imeshusha wakimbizi kutoka Kagunga, mpakani, na Melania, binti wa Kidahwe aliyekuja na wanaparokia kugawa uji, alikuwa akimimina pale kijana mmoja aliporudi kinyumenyume akipiga picha, akamgonga.

"Dada, umeniharibia shati!"

"Kwani macho yako yako kisogoni?"

Kijana akacheka mpaka uji ukamdondoka kwenye kola. Huyo ndiye Bonaventura, mchora ramani wa shirika lililokuwa likitafuta eneo la kambi mpya. Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala. Anayeongea ni mto."

Jumapili moja Melania akampeleka Kidahwe, shambani kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Bonaventura akakunja jinzi, akang'oa muhogo, akautafuna mbichi. Mama akamwonyesha upande uliojaa nyasi, na mashamba ya jirani yaliyokuwa hivyo hivyo.

"Huku tumepumzisha, mkwe. Ardhi nayo huchoka."

"Nimeelewa, mama."

Mwezi haukuisha, ramani ikabandikwa kwenye ofisi ya kijiji. Melania alikwenda amevaa gauni lake la njano, akijivunia kazi ya mchumba. Ng'ambo yote ya mto ilikuwa kijivu: pori, halina mwenyewe, patajengwa kambi. Mama yake, aliyekuja naye, aliketi chini palepale.

Melania akamvuta nje Bonaventura, aliyekuwa akiwaeleza watu ramani.

"Hii nani kaifanya?"

"Mimi. Picha ya setilaiti ni vimraba, Mela, kila kimoja na namba yake. Mbili ni shamba, moja ni pori. Wakubwa walitaka eneo haraka, watu wanalala mvuani. Nikaiambia kompyuta, ng'ambo ya mto kila mbili iwe moja. Kutoka juu, nyasi ni nyasi; nikaona zile mbili zimekosewa."

"Wewe uliziona kutoka juu? Si ulisimama mle na mama yangu?"

Melania aliumia kuliko siku zote za maisha yake. Kama Bonaventura angekuwa na mwanamke mwingine, yeye angalau angejua pa kupeleka hasira.

"Wakimbizi nimewalisha kwa mikono hii, Bona. Mngetuomba, tungewakatia eneo."

Juma lililofuata Bonaventura alifika Gungu, alikopanga Melania, na pete mfukoni. Akakunjua ramani mpya mezani. Katikati ya kijivu kulikuwa na doa moja la kijani.

"Shamba la mama nimelirudishia mbili zake." Akaiweka pete mezani. "Nataka nikuoe, Mela."

Melania alikuwa bado anampenda. Kisha kidole chake kikazunguka lile doa.

"Na la jirani yake, mzee Telesphory? La mjane Regina?"

"Hayo wakubwa wangeyaona. Nimeweza hili tu."

"Kwa hiyo ulijua ni mashamba ya watu. Ungeniletea yote ya kijivu, ningesema ulikosea, ningekusamehe. Lakini mtu harudishi asichojua amekichukua."

"Nilifanya kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana inauma."

Akamsukumia pete. Ramani akaikunja, akaitia kwapani.

"Mela, ukiifikisha hiyo wilayani, watajua nilibadilisha namba, mimi sina kazi."

"Najua, mpenzi," alisema, machozi yakimtiririka, akafungua mlango akamwita bodaboda.