Tupokigwe Alikataa Kusema Mtoto Ni wa Nani

Fimbo ya kwanza ilimpata Tupokigwe sikioni, kitabu cha picha kikiwa bado wazi mapajani mwake.

Aliyempiga ni Isakwisa, mume wake. Alikuwa kwenye migodi ya Afrika Kusini miaka mitano, na ile ndiyo siku aliyorudi nyumbani, mlimani juu ya mji wa Mbeya. Hata hodi hakupiga.

Sikilizeni ndugu zangu, hii ilikuwa mwaka hamsini na sita.

Kabla ya kuingia, Isakwisa alisimama kwanza nje ya mlango. Ndani, Damari, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa anaangalia picha ya kuku na vifaranga wake. Mmoja alikuwa kifaranga wa kanga.

"Mama, huyu ni wa nani?"

"Ni wa huyu kuku. Si unaona yuko chini ya bawa?"

"Na mimi?"

"Wewe ni wangu."

Basi... damu ikampanda Isakwisa. Maana aliposhuka kwenye basi mjini, rafiki yake Eliezeri alimpokea na kumnong'oneza kwamba mkewe amezaa nje. Hakuamini. Sasa amejisikilia mwenyewe.

Fimbo ikavunjika, akaokota mchi. Mkono wa Tupokigwe ukalia kama ukuni mkavu.

"Baba yake ni nani?"

Tupokigwe akamlalia mtoto kumkinga. Damu inamtiririka shingoni. Neno moja tu lingemwokoa. Lakini neno lile asingelitamka mbele ya Damari.

Eliezeri, aliyemsindikiza Isakwisa kutoka mjini, alikuwa mlangoni, anatazama.

Uani, mama mzazi wa Isakwisa alisikia kila pigo. Akaendelea kupepeta ulezi.

Mpaka Isakwisa alipomvuta mtoto mguu na kuinua mchi. Ndipo mama akaingia mbio, akamdaka mkono.

"Huyo ni mpwa wako, Isakwisa. Marta ndiye aliyemzaa."

Marta alikuwa dada yake mdogo. Isakwisa alikuwa ameambiwa dada yake alikufa kwa homa. Kumbe alikufa akijifungua, naye hajaolewa! Mama akaificha aibu ile, akamwapisha mkwe wake asiseme, na Tupokigwe akamlea Damari kama wa tumbo lake.

"Nani alimpa mimba?"

Mama akanyoosha kidole mlangoni.

"Muulize rafiki yako."

Eliezeri alikuwa ameshatimua mbio. Mtoto alikuwa anazidi kufanana naye, naye Eliezeri akataka lawama imwangukie Tupokigwe kabla watu hawajaanza kuuliza.

Isakwisa alimkamata kwenye migomba. Majirani walipofika kuamulia, jicho moja la Eliezeri lilikuwa limeshatoka. Baraza likamfunga Isakwisa.

Mkono wa Tupokigwe uliunga, sikio likafa moja kwa moja. Akambeba Damari, wakahamia Kihesa, Iringa, kwa kaka yake.

Isakwisa alipotoka jela akawafuata. Mwanaume mzima, akapiga magoti mavumbini, akamwomba mkewe warudi nyumbani.

Damari akajificha nyuma ya mama yake.

"Wewe ulidanganywa," Tupokigwe akamwambia. "Mama yako alijua, akaendelea kupepeta. Nimewasamehe wote wawili. Lakini mwanangu harudi kwenye nyumba ile."

Akafunga mlango taratibu.

Ndugu yangu unayesoma, uliza kwanza. Na wewe unayeujua ukweli, useme kabla pigo la kwanza halijatua. Ukisubiri la mwisho, utakuwa umepiga pamoja na anayepiga.