Mtumiaji wa Pili

Kompyuta ya mjane mpiga taipu ilianza kugoma kuzima wiki ileile ndugu wa mwisho walipoondoka msibani. Kazi ilifanya. Mitihani ya shule aliyokuwa akiichapa nyumbani ilitoka safi. Shida ilikuja alasiri akishabonyeza kuzima: kiduara kinazunguka saa nzima, kioo kimeganda, na feni ndani inavuta pumzi na kuiachia.

Akamwita fundi. Fundi mwenyewe mtu wa maneno mengi, na msiba wa mteja haukumpunguzia hata moja.

"Mama, hili zee bado lina nguvu. Likigoma kulala, ujue kuna kitu limekishikilia."

Akachomoa printa, akazima. Likaganda. Akachomoa spika. Likaganda. Alipochomoa waya wa intaneti, maandishi yakatokea katikati ya kioo: *Mtu mwingine bado anatumia kompyuta hii. Ukizima, anaweza kupoteza kazi yake.*

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Alikuwa mume wangu," mjane alisema. "Akaunti yake sijaigusa. Hata neno lake la siri silijui."

Fundi akatafuta njia ya kuingia, akaingia. Akaunti ya marehemu ilikuwa wazi, na ndani yake barua moja ilikuwa inaandikwa. Herufi zilijiongeza zenyewe, mojamoja, huku vidole vya fundi viko magotini. *Chai imepoa. Mgongo unaniuma. Leo hakuna aliyepiga simu.*

Machozi yakamlengalenga mjane. "Ni yeye," alinong'ona.

"Mama." Fundi naye alikuwa ameshusha sauti. "Haya ni maneno ya nani?"

"Yangu. Huwa naiambia mashine," mjane alikiri. Alikuwa akiyasema kila alasiri mbele ya mashine ile, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kuambiwa.

"Siku ya kwanza uliiambia nini?"

"Nilisema tu, usizime kwanza. Kaa na mimi kidogo."

Fundi alisogeza kiti nyuma. "Basi si mumeo. Kuna aliyesikia. Bibi yangu alikuwa akiwatoa pepo kama hawa. Mtu wa nje hawezi kuwafukuza, mpaka aliyewakaribisha awaage mwenyewe. Na hawakai bure, mama. Hebu jitazame mikono."

Alijitazama. Pete ya ndoa alikuwa ameizungushia uzi, mara ya tatu sasa, isimdondoke kidoleni.

"Nenda," aliiambia mashine, na hapo harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka nyuma ya mashine, herufi zikaanza kukimbia, *kaa na mimi kidogo kaa na mimi kidogo*, mstari juu ya mstari, na feni ikahema kwa nguvu mpaka meza ikatetemeka, na fundi akamshika mjane mkono bila kujua kama anamtuliza au anajishikilia, mpaka mjane akapiga kelele, "Nimesema nenda!"

Kioo kikawa cheusi. Safari hii ilichukua sekunde nne tu. Fundi hakungoja hata kushukuriwa, akaondoka na mkoba wazi.

Jua lilikuwa bado juu, lakini nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Mjane akaosha kikombe. Akampigia dada yake, simu ikaita mpaka ikakatika. Akafagia mahali palipokwisha kufagiwa asubuhi. Hakujua upweke unaweza kuuma masikio. Hatimaye akaketi mbele ya kile kioo cheusi, akajichukia kwa neno lililomjia mdomoni, na bado akalisema.

"Rudi."

Mashine haikuwaka. Ila chumbani kitanda kililia, kama kinavyolia mtu mzito akikaa kuvua viatu. Kiatu kimoja kikaanguka sakafuni, kisha cha pili.

Mjane akasogea mpaka mlangoni.

"Umerudi, mume wangu?"

"Nimerudi, mume wangu," alijibiwa, na sauti iliyomjibu ilikuwa yake mwenyewe.

Akafungua mlango, akaingia.